Tumbusi Hastahili Sumu

Katika mazungumzo ya watu wengi, tumbusi ni ndege wa nuksi: mlafi, mwenye upara, mla mizoga. Sifa hizo anazo, lakini lawama aliyotwishwa kwa ajili yake haina msingi wa kisayansi. Shingo isiyo na manyoya mengi humsaidia kubaki safi baada ya kula na kupunguza joto la mwili. Tumbo lake lina asidi kali iuayo vijidudu vingi vya maradhi. Mzoga ambao ungeoza kwa siku nyingi, kundi la tumbusi huumaliza kwa muda mfupi.

Thamani ya kazi hiyo ilidhihirika katika Bara Hindi. Tangu miaka ya 1990, aina tatu za tumbusi wa huko zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95. Mwaka 2004 wataalamu walithibitisha kuwa chanzo ni diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe, ambayo huharibu figo za tumbusi alapo mizoga yao. Nyama ikawabakia mbwa. Mbwa wakaongezeka, na hatari ya kichaa cha mbwa ikakua.

Afrika Mashariki, adui mkubwa ni sumu. Mfugaji aliyeuliwa ng'ombe na simba hutia dawa ya wadudu katika mzoga uliosalia ili simba arudipo afe. Lakini tumbusi hutafuta chakula kwa macho, na mmoja ateremkapo wenzake humfuata. Jangili naye huwaua kwa makusudi, maana wakizunguka angani humfichua kwa askari wa wanyamapori. Nchini Botswana, mwaka 2019, mizoga ya tembo iliyotiwa sumu iliua tumbusi 537.

Hasara hiyo haifidiki upesi. Tumbusi wa Rüppell hutaga yai moja tu, na kinda lake huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Tangu mwaka 2015 amehesabiwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Kumlaumu mfugaji peke yake si haki. Ng'ombe ndiye chakula na karo ya wanawe. Yafaa asaidiwe kujenga zizi imara, na uuzaji wa sumu udhibitiwe. Nalo somo la biolojia lisikomee kwenye mchoro wa ubaoni. Mwanafunzi atokaye katika boma la wafugaji aweza kuufikisha ujumbe huu mahali ambapo waraka wa serikali haufiki.