Ruto na Odinga: Kumbukumbu za Bunge la Kenya zinasema nini?

Tarehe 9 Agosti 2022 Wakenya walimchagua rais wao wa tano. William Ruto wa muungano wa Kenya Kwanza, naibu rais wa wakati huo, alikuwa akiwania kiti hicho kwa mara ya kwanza. Raila Odinga wa Azimio la Umoja alikuwa akikiwania kwa mara ya tano. Katika mikutano ya hadhara wasikilizaji wetu waliyasikia mengi kuhusu mifuko ya mbolea, mikopo ya wafanyabiashara wadogo na posho za kaya maskini. Jambo ambalo halikutajwa sana ni kwamba watu hawa wawili waliketi katika ukumbi mmoja wa Bunge kwa miaka kumi na mitano, tangu uchaguzi wa Desemba 1997 hadi ule wa Machi 2013, na kwamba kura zao na misimamo yao ya wakati huo imehifadhiwa kwa maandishi.

Kwa msikilizaji wa Uganda, hilo si suala la udadisi tu. Mwanzoni mwa 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilipong'oa reli pale Kibera na kufunga barabara kuu, petroli ilipanda bei Kampala hadi watu wakaegesha magari majumbani. Namna Bunge la Nairobi lilivyoamua, au lilivyoshindwa kuamua, baada ya maafa yale ni sehemu ya rekodi ya wagombea wote wawili.

Kwanza yafaa kulisema jambo moja waziwazi. Anayetafuta sheria yenye jina la Ruto au la Odinga atatafuta sana. Miswada binafsi iliyobadilisha maisha ya Mkenya wa kawaida ilibebwa na wabunge ambao majina yao hayakuchapishwa kwenye karatasi ya kura ya urais mwaka 2022. Sheria ya Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge ya 2003, iliyojenga madarasa na zahanati hadi vijijini, ilianzishwa na Muriuki Karue wa Ol Kalou. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ililetwa na Njoki Ndung'u, mbunge mteule, ambaye sasa ni jaji wa Mahakama ya Juu. Ukomo wa riba za benki wa 2016 ulitoka kwa Jude Njomo wa Kiambu. Sisi Waganda tunajua uzito wa mswada binafsi tangu ule wa Raphael Magyezi wa 2017 ulioondoa ukomo wa umri wa rais. Wagombea wakuu wa Kenya wa mwaka 2022 hawakujulikana kwa kazi ya aina hiyo. Alama yao imo kwenye mambo makubwa zaidi, na yenye utata zaidi: katiba, na haki kwa waathiriwa wa 2007.

Katiba iliyowaunganisha na kuwatenganisha

Odinga aliingia Bungeni mwaka 1992 kama mbunge wa Lang'ata, enzi ya kurejea kwa vyama vingi. Desemba 1999, akiwa kiongozi wa chama cha NDP kilichokuwa kikishirikiana na KANU, alikabidhiwa uenyekiti wa kamati teule ya Bunge ya marekebisho ya katiba. Viongozi wa dini na sehemu ya upinzani waliisusia kamati hiyo na kuanzisha mchakato wao wa Ufungamano, wakihofu kwamba katiba ingeandikwa na wanasiasa kwa manufaa ya wanasiasa. Njia hizo mbili ziliunganishwa mwaka 2001 chini ya Profesa Yash Pal Ghai. Ruto naye, katika Bunge la Tisa, aliiongoza kwa muda kamati kama hiyo hiyo. Kwa hiyo wote wawili waliwahi kuishika kalamu ya katiba, na hakuna kati yao aliyeweza kudai kwamba alikuwa mtazamaji.

Mwaka 2005 walikuwa upande mmoja. Serikali ya Mwai Kibaki ilipeleka kwa wananchi rasimu iliyopunguza mamlaka ya waziri mkuu yaliyokuwa yamependekezwa katika mkutano wa Bomas, nao wakazunguka nchi pamoja chini ya alama ya chungwa. Rasimu ilikataliwa kwa takriban asilimia 58 ya kura, na kutoka kwenye chungwa hilo kikazaliwa chama cha ODM.

Miaka mitano baadaye waliachana. Wabunge waliokutana Naivasha Januari 2010 waliuacha mfumo wa waziri mkuu na kuchagua mfumo wa urais. Tarehe 1 Aprili Bunge likaipitisha rasimu bila kubadilisha hata nukta, ingawa marekebisho zaidi ya 150 yalikuwa yamewasilishwa. Hakuna hata moja lililopata kura 145 zilizohitajika. Odinga, akiwa waziri mkuu, aliongoza kambi ya Ndiyo pamoja na Kibaki. Ruto, akiwa bado waziri katika serikali hiyo hiyo, aliongoza kambi ya La. Hoja yake kubwa ilihusu vipengele vya ardhi. Viongozi wa makanisa waliojiunga na kambi hiyo walipinga zaidi kipengele cha utoaji mimba na kuendelea kutambuliwa kwa Mahakama za Kadhi katika katiba.

Waislamu wa pwani ya Kenya hawajalisahau hilo la Kadhi, na sidhani kama wasikilizaji wetu wa Bombo wenye jamaa zao Kibera wamelisahau. Mahakama hizo, zinazoamua ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, zilibaki kwa kuwa Ndiyo ilishinda kwa takriban thuluthi mbili ya kura. Hata hivyo, haitakuwa haki kumpa Odinga sifa hiyo bila kukumbuka upande wa pili. Kibera ilikuwa ndani ya eneo bunge lake kwa miongo miwili. Mwishoni mwa 2001, akiwa waziri wa nishati, mzozo wa kodi za nyumba baina ya wapangaji na wenye nyumba, wengi wao Wanubi, ulizua umwagaji damu. Hati ya ardhi ya ekari 288 ambayo Wanubi wa Kibera walikuwa wameingoja tangu enzi ya mkoloni ilitolewa mwaka 2017, kwa mkono wa Rais Uhuru Kenyatta.

Ajabu ya historia hii ilijitokeza mwaka 2021. Mswada wa BBI, uliotaka kumrudisha waziri mkuu na kuongeza maeneo bunge 70, uliungwa mkono na Odinga na kupingwa na Ruto. Aliyesema Ndiyo mwaka 2010 akataka kuibadilisha katiba; aliyesema La akasimama kuilinda. Wengi wamekiita kigeugeu cha pande zote mbili. Mimi naona kwamba Odinga hakubadilika kiasi hicho: waziri mkuu alimtaka tangu Bomas, akamkosa 2005, akamwacha Naivasha kwa shingo upande, akamfuata tena kupitia BBI. Kuhusu Ruto, maelezo ni magumu zaidi, ila ni kweli pia kwamba katiba ya 2010 ndiyo iliyounda ofisi ya naibu rais asiyeweza kufukuzwa kwa amri ya mkubwa wake, na bila kinga hiyo asingedumu serikalini baada ya kukosana na Kenyatta. Mabunge yote mawili yaliupitisha mswada Mei 2021, lakini mahakama ziliubatilisha, na Mahakama ya Juu ikauzika Machi 2022.

Kura ya Februari 2009

Kama ningetakiwa kuchagua ukurasa mmoja tu wa kumbukumbu hizo, ningechagua ule wa tarehe 12 Februari 2009. Mswada uliokuwa mezani ulitaka kuunda mahakama maalumu ndani ya Kenya ya kuwahukumu wahusika wakuu wa ghasia. Uliwasilishwa na Martha Karua, waziri wa sheria wakati huo na mgombea mwenza wa Odinga mwaka 2022. Kibaki na Odinga waliunga mkono. Ruto alikuwa miongoni mwa waliopinga. Walioukubali walikuwa 101, walioukataa 93; kwa kuwa marekebisho ya katiba yalidai kura 145, mswada ukaanguka.

Waliopinga hawakuwa na nia moja. Wapo waliosema kwa dhati kwamba mahakama ya nyumbani ingechezewa, na kwamba The Hague ndiko pekee wakubwa wasikoweza kufika kwa simu. Wapo pia waliohesabu kwamba The Hague iko mbali na mwendo wake ni wa kobe. Gitobu Imanyara alijaribu kuufufua kama mswada binafsi mwishoni mwa mwaka huo, akakwama kwa kukosa akidi: wabunge hawakuingia ukumbini. Desemba 2010 mwendesha mashtaka wa ICC aliwataja washukiwa sita, Ruto akiwa mmoja wao. Ruto alikana mashtaka, na Aprili 2016 majaji waliisitisha kesi kwa udhaifu wa ushahidi, bila kutoa hukumu ya kumtia hatiani wala ya kumwachilia. Waathiriwa wengi hawakuipata mahakama ya nyumbani wala ya ng'ambo. Lawama ya hilo haimwangukii Ruto peke yake; viongozi wawili wa serikali waliokuwa na wingi mkubwa Bungeni walishindwa kuwavuta hata watu wao.

Mwezi huo huo Ruto, waziri wa kilimo, alikabiliwa na hoja ya kutokuwa na imani kuhusu uuzaji wa mahindi ya akiba. Aliishinda kwa urahisi. Mwasilishaji wa hoja alikuwa Bonny Khalwale wa Ikolomani, ambaye mwaka 2022 aliwania useneta wa Kakamega kwa tiketi ya UDA, chama cha Ruto.

Mshindi wa urais hana kiti Bungeni, kwani katiba ya 2010 imewatenganisha rais na mawaziri na ukumbi ule. Bunge la Taifa lina wabunge wa maeneo bunge 290, wawakilishi wanawake 47 na wateule 12, jumla 349. Sheria ya kawaida hupita kwa wingi wa wanaopiga kura. Ili Bunge la Taifa liibadilishe katiba, rais anahitaji 233 kati yao.