Kona haikusukumi nje

Juzi nilisema kwa video kwamba mathree ikikata kona, hakuna kitu kinakusukuma nje. Mkaniangukia kwa komenti. "Ndio maana uliacha chuo." Sawa, niliacha, mwaka wa pili, na hiyo ni stori ya siku nyingine. Lakini kwa hili sirudi nyuma.

Chukua kamba ya mita 0.8, funga jiwe la gramu 200, lizungushe juu ya kichwa. (Uwanjani, tafadhali, si karibu na madirisha ya watu.) Mkono unahisi unavutwa nje, sindio? Hapo ndipo tunadanganyika. Ni kamba inavuta mkono wako. Upande ule mwingine, kamba hiyo hiyo inavuta jiwe lije ndani. Jiwe lenyewe linataka tu kwenda mbele, moja kwa moja, na kamba inalikatalia kila sekunde. Ukiachilia, linaenda pale lilikuwa limeelekea wakati huo, kando ya duara. Msee wa kombeo anajua hii bila kusoma. Newton mwenyewe alitumia jiwe la kombeo kuieleza kwenye kitabu chake cha 1687.

Sasa kasi. Tuseme jiwe linaenda mita 4 kwa sekunde: kamba inavuta kwa niutoni 4, tukiacha uzito wa jiwe kando. Ukienda mita 8, utadhani ni 8. Ni 16. Shuleni nilikariri fomula hiyo nikapita, na hakuna siku mtu alileta kamba darasani.

Brathe yangu ni makanga. Ananing'inia mlangoni, ana kilo kama 70. Chukua kona ya kulia yenye nusu kipenyo cha mita 50. Gari likienda kilomita 36 kwa saa, anahitaji kuvutwa ndani kwa niutoni 140, kama kushikilia mzigo wa kilo 14. Dere akiingia kona hiyo na 54, ni niutoni 315. Karibu kilo 32! Na si ati mwendo umeongezeka mara mbili, ni nusu tu. Viatu kwenye ngazi vinamsaidia kiasi, lakini mvua ikinyesha, msaada huo unapungua, mkono unabaki na kazi.

Kinachoniuma ni hiki: yeye anaamini kona inamsukuma, na kwa sababu ana misuli, ataishinda. Hakuna wa kushindana naye pale. Mkono wake ndio kamba. Ukiteleza, yeye ataendelea mbele vile walikuwa wanaenda, na mathree itapinda iende zake.

Nilimwambia haya Jumapili tukila. Akacheka, akaniuliza fomula inalipa nauli ngapi. Jumatatu asubuhi nilimwona karibu na steji, gari likiondoka. Mkono mmoja juu ya mlango, ule mwingine umekunja noti.