Mwita Waitara

Mwita Waitara ni mwanasiasa wa Tanzania kutoka Mkoa wa Mara. Katika uchaguzi mkuu wa 2015 alichaguliwa kuwa mbunge wa Ukonga, Dar es Salaam, kwa tiketi ya CHADEMA. Mnamo Julai 2018 alihamia CCM, akapoteza kiti, kwa kuwa Katiba humwondolea ubunge anayehama chama. Septemba mwaka huohuo alishinda uchaguzi mdogo wa Ukonga kupitia CCM, halafu mwezi Novemba akateuliwa kuwa naibu waziri. Mwaka 2020 aligombea Tarime Vijijini, jimbo lenye kata ya Susuni, akatangazwa mshindi dhidi ya John Heche wa CHADEMA, aliyekuwa mbunge tangu 2015. CHADEMA ilikataa matokeo ya uchaguzi huo nchini kote.