Injinia wa Kwanza Alishika Jembe

Nilialikwa kwenye sherehe ya mahafali kijijini, milimani Mbinga. Mshereheshaji akamsimamisha kijana aliyerudi na shahada, akapaza sauti: "Makofi kwa injinia wa kwanza wa ukoo huu!" Tukapiga. Bibi yake, aliyekaa mkekani mbele kabisa, naye akapiga. Nyuma ya turubai ulionekana mteremko anaoulima tangu ujana wake, umejaa miraba kama ubao wa drafti. Nikajisemea kimoyomoyo: mshereheshaji amekosea hesabu kwa vizazi viwili.

Kosa si lake peke yake. Wengi wetu tunaamini kuwa injinia ni mtu wa injini, na kwa kuwa injini zililetwa na Wazungu, basi na uhandisi ulishuka nao melini. Si kweli, na shahidi wa kwanza ni neno lenyewe.

"Injinia" tumelitoa kwa Waingereza, nao wamelipata kupitia Kifaransa cha kale kutoka neno la Kilatini ingenium: akili, kipaji cha kuzaliwa. Injini ilipewa jina hilo kwa kuwa ni zao la akili. Mtu na mashine wote wamepata jina kutokana na akili. Karne nyingi kabla ya mvuke, Ulaya ilikuwa na mainjinia waliojenga ngome na mitambo ya kuzibomoa. "Mhandisi" nalo ni la Waarabu, muhandis, ambao shina lake walilichota kwa Waajemi: andaza, yaani kipimo. Maneno mawili, njia mbili, na hakuna hata moja linalonuka grisi. La kwanza linauliza: una akili? La pili: umepima?

Sasa mwulize bibi yule. Mvua zikielekea ukingoni, wanaume hufyeka nyasi, zikikauka huzipanga kwa mistari inayokatana hadi mteremko mzima ugawanyike miraba. Kisha wanawake huingia na majembe. Huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuutupa juu ya nyasi, mpaka kila shimo lizungukwe na matuta pande zote. Hiyo ndiyo ngoro. Maharage hupandwa juu ya matuta mwezi Machi, mahindi hufuata msimu ujao. Mvua ikipiga, maji hayapati njia ya kuporomoka: kila shimo hushika ya kwake, pamoja na udongo yaliokuja nao. Nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea. Hakuna saruji wala mchoro, na mlima unabaki mahali pake.

Wamatengo, wenyeji wa milima hiyo, hawakufundishwa hayo na bwana shamba. Karne ya 19, mashambulizi ya Wangoni yaliwabana milimani, wakalazimika kula kutokana na miteremko mikali. Mwaka 1938 Mwingereza A. H. Pike aliandika habari za kilimo hicho katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Hakuja kufundisha, alikuja kuandika alichokikuta.

Linganisha na milima ya Uluguru. Huko serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi, kwa amri na faini, kwenye udongo ambao wenyeji walijua haufai kwa kazi hiyo. Mwaka 1955 zikazuka ghasia, mpango ukafa. Wataalamu walikuwapo, vyeti vilikuwapo. Kilichokosekana ni kumsikiliza aliyeupima mlima kwa miguu yake.

Rudi Mbinga, kisha shuka hadi ufukweni mwa ziwa, Liuli au Lituhi. Mchonga mtumbwi akiacha ubavu mmoja mnene kuliko mwenzake, mtumbwi utalala upande. Akiukondesha kupita kiasi, utapasuka. Ziwa Nyasa lina kina kinachofika mita 700, halimsamehe aliyekisia. Mchongaji huyo tunamwita fundi, neno lililo ndugu wa kufundisha, halafu tunalitamka kama vile ni daraja la chini.

Najua nitakachojibiwa: Sheria ya Usajili wa Wahandisi Na. 15 ya 1997 haimruhusu kila mtu kujiita mhandisi. Ni sawa kabisa, na isilegezwe. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Simwombei bibi kandarasi ya daraja. Ila sheria inalinda cheo. Haikutamka popote kwamba akili ya kupima ilizaliwa siku cheo kilipozaliwa. Tena anayeamini hivyo ni hatari kazini, kwa sababu atafika kijijini akiwa na majibu kabla hajauliza swali.

Kijana yule atapata kazi, na huenda siku moja akakabidhiwa barabara ya milimani kwao. Ombi langu kwake ni moja. Kabla hajafungua kompyuta, apande hadi shambani kwa bibi mwezi Machi, mvua ikinyesha, asimame juu ya tuta na kutazama maji yanakokwenda. Hatasubiri sana. Yanaishia shimoni.