Damu ambayo somo hakunitajia



Nilipoolewa Arusha nikitokea Unguja, somo wangu alikuwa ameshanifunza kila kitu cha mwili: rangi za hedhi, istihadha, nifasi, kukoga janaba, lini nisali na lini niache. Damu ya njia ya haja kubwa hakuigusa kabisa.

Wifi yangu wa Ngarenaro alianza kuiona baada ya kujifungua mtoto wa tatu. Sote tukasema bawasiri, maana nani asiyepata bawasiri akishazaa? Akapaka dawa, akanywa majani aliyouziwa sokoni, akavumilia mwaka na zaidi huku anakonda na kuishiwa nguvu. Mumewe hakuambiwa. Hata mama yake hakuambiwa. Alipopelekwa KCMC Moshi, kilomita 80 kutoka hapa, na kupimwa utumbo kwa kamera, ilikuwa saratani ya utumbo mpana na imeshafika kwenye ini. Alikuwa na miaka 36. Ramadhani iliyofuata hakuiona.

Bado nasikia watu wakisema haya ni maradhi ya wazee wa kiume, tena wa Ulaya. Ni kweli duniani wanaume hufa kwayo zaidi, na katika nchi tajiri wagonjwa wengi wamevuka miaka 50. Lakini mwaka 2022 iliua watu zaidi ya 900,000, na zaidi ya 400,000 kati yao ni wanawake. Hospitali za Afrika nazo hupokea wagonjwa wengi wasiofika 50, aghalabu wakiwa wamechelewa.

Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda tangu 1946, aliona ugonjwa huu ni nadra kwetu, akasema ni kwa sababu ya vyakula vyenye makapi. Makande na ndizi za Meru bado zipo, lakini sahani zetu za leo ni chipsi na soseji. Na soseji tangu 2015 imo katika orodha ya visababishi vya saratani ya Shirika la Afya Duniani. (Mishikaki sijawakataza, mimi mwenyewe siiwezi kuiacha.)

Ila wifi yangu nahisi alichelewa kwa haya, si kwa chakula. Bibi Aisha r.a. aliwasifu wanawake wa Ansar kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao, na waliuliza ya hedhi na janaba waziwazi. Sisi tunaoikagua damu kila mwezi kwa ajili ya swala tunashindwa kumwambia nesi wa Mount Meru kwamba hii si ya hedhi?

Masomo na makungwi, mwongezeeni bi harusi somo hili. Atazame kabla ya kumwaga maji ya istinja. Akiona damu, au choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, au anakonda na kuchoka bila sababu, aende hospitali. Daktari wa kike akikosekana, dharura ya matibabu inamruhusu kutibiwa na wa kiume. Na mume aambiwe, maana nauli ya Moshi ataitoa yeye.

Binti wa marehemu ana miaka 17 sasa. Maradhi haya huweza kufuata ukoo, basi nimemweleza mama yake alikufa na nini, na kwamba daktari yeyote atakayemwona amtajie.