Sitatia Sahihi Barua ya Safari Hiyo



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya kwanza, wababa wanne wa shirika letu walinijia nyuma ya darasa la katekesi. Mmoja ni mzazi wa mtoto niliyemwandaa kwa Komunyo ya kwanza. Mwingine nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe. Waliniomba mambo mawili. La kwanza, nitoe mchango wangu wa dola kumi na tano, kama nyumba nyingine. La pili, niwaandikie wawili kati yao barua yenye kichwa cha parokia, ikisema kwamba wanakwenda kwenye semina ya makatekista, ili wapite vizuizi bila kuulizwa mengi. Kisha wakanieleza shabaha ya safari. Wanakwenda kununua bunduki kuukuu ya vita, aina ya FAL, iliyobaki kutoka jeshi la wakati wa Mobutu. Kuna mtu anayeiuza, mwendo wa siku tatu kutoka hapa.

Niliwaambia nitawajibu. Nawajibu mbele ya wote, bila kumtaja mtu, kwa sababu najua mashirika mengine yanawaza jambo hilohilo.

Wababa hao si wajinga, wala si waovu. Kwa muda wa mwezi mmoja nyumba tatu za kilima chetu zilivunjwa usiku. Walichukua mbuzi, simu na unga. Na binti mmoja walimpeleka porini, akarudi siku ya nne, na tangu hapo hajarudi shuleni. Hakuna aliyekuja kutusaidia. Usiku wa kwanza baada ya kuwasikiliza, niliona wana haki. Usiku wa pili nilizihesabu hata zile dola kumi na tano. Basi mtu asiseme kwamba mwalimu anahubiri amani akiwa nyuma ya mlango wa chuma. Mlango wangu ni wa mbao, kama yenu.

Wala sitajificha nyuma ya usemi kwamba Kanisa linakataza kujilinda. Halikatazi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2263 hadi 2267, inamfuata Mtakatifu Toma wa Akwino na kufundisha kwamba kujilinda ni halali. Tena kwa yule aliyekabidhiwa maisha ya wengine, kuwalinda kwaweza kuwa wajibu mzito. Baba wa familia amekabidhiwa maisha. Kwa hiyo sibishani nanyi kama baba anaruhusiwa kumlinda binti yake. Ninachokataa ni kwamba bunduki hii, iliyonunuliwa namna hii, itamlinda.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea kusahihisha hesabu. Karatasi mliyonionyesha ina ng'ombe mmoja wa kuuzwa, akiba ya AVEC ya wamama (sikuona mahali wamama walipoulizwa), na michango ya nyumba kumi na mbili. Mmeandika nauli, chakula cha njiani, na kitu kidogo kwa walinda vizuizi. Hamkuandika risasi. Muuzaji amewaahidi chache za kuanzia. FAL inatumia risasi ya milimita 7.62 kwa 51. Kalashnikov zilizojaa katika milima hii hutumia ya 7.62 kwa 39. Haziingiliani. Zile chache zitakapokwisha, mtarudi kwa nani? Kwa muuzaji yuleyule, au kwa kundi lenye ghala. Naye atakayewapa risasi hatawapa bure. Siku moja atawatuma kazi yake, na mtakwenda, kwa kuwa bila yeye mmeshika fimbo nzito tu.

Tena, bunduki hiyo italala wapi? Mlinijibu kwamba itazunguka, kila nyumba juma moja. Nawafahamu watu wa nyumba hizo kumi na mbili. Ziko mbili ambazo hazijasalimiana tangu 2019 kwa sababu ya mpaka wa kalinzi. Iko moja ambamo kasiksi haikauki. Ziko nyumba zenye vijana wa miaka kumi na sita wasio na kazi wala karo. Mnataka kila juma niombee nyumba iliyopata zamu?

Muuzaji anaisifu kwamba ni chuma kizuri cha Wabelgiji, cha kiwanda cha FN kule Herstal, karibu na Liège, na kwamba hakichakai. Hapo anasema kweli. Jembe likilima miaka kumi linakwisha, bali bunduki humzika mwenyewe ikahamia kwa mwingine. Muulizeni imetoka wapi. Mji wetu uliona vita vya waasi mwaka 1964. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushika tangu Agosti hadi Novemba. Ukaona 1996, 1998, na Juni 2004. Kila mara wenye silaha walikimbia, wakaacha vyuma vyao nyuma, na kila mara vyuma hivyo vikaokotwa na kuuzwa tena. Muuzaji hawezi kuwaambia kama bunduki hiyo haijawahi kuelekezwa kwa watu wa ukoo wenu wenyewe.

Mmoja wenu alinikumbusha habari ya Raia Mutomboki. Nami naikumbuka. Mwaka 2005, kusini mwa Shabunda, raia waliochoka kuchinjwa na FDLR walisimama na mapanga na mikuki, na watu wengi wakamshukuru Mungu. Sitawadharau kwa mwanzo huo. Lakini tazameni mwendelezo wake. Silaha zilipoongezeka, jina moja likagawanyika kuwa makundi mengi, kila moja na kamanda wake, na vizuizi njiani, na ushuru kwenye machimbo. Mama aliyekuwa akitoka shambani na kikapu cha mihogo akalipa kwa mtoto wa jirani yake, na mtoto huyo bado anajiita mlinzi wa raia.

Na kuna Kasika. Nawaombeni radhi, ninyi wenye jamaa huko Mwenga, kwa kugusa kidonda hiki. Tarehe 23 Agosti 1998, vijana wa huko wenye silaha walivizia msafara wa maafisa wa RCD na wenzao wa jeshi la Rwanda huko Kilungutwe, wakawaua. Siku iliyofuata askari walifika Kasika, wakawaua watu kwa mamia, hata katika parokia. Alikufa padri, walikufa masista, alikufa mwami pamoja na watu wa nyumbani kwake. Dhambi ni ya waliochinja, na nitalisema hilo hata mbele ya mahakama. Lakini wale waliofyatua risasi ya kwanza hawakuwapo kijijini asubuhi ile. Waliokuwapo ni wale wasiokuwa na bunduki. Kundi likija juu ya kilima chetu kutafuta FAL yenu moja, litamkuta nani nyumbani?

Hata hapa mjini hatuna haja ya kukumbuka mbali. Februari 2025, jeshi lilipoondoka na M23 ikaingia, watoto waliokota bunduki na sare zilizotupwa. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitangaza siku chache baadaye kwamba baadhi ya watoto waliuawa. Mtoto mwenye bunduki haulizwi tena yeye ni nani.

Nije kwenye Maandiko, kwa kuwa mwenzangu mmoja, katekista kama mimi, ndiye aliyewapa mstari wa Luka, sura ya 22, ambapo Bwana anasema asiye na upanga auze joho lake akanunue. Alipaswa kuwasomea hadi mwisho. Mitume wanaonyesha panga mbili. Mbili, kwa watu kumi na mmoja, dhidi ya kikosi kinachokuja na mienge! Bwana anawaambia yatosha, na sijui mwalimu wa hesabu anayeweza kulisoma neno hilo kama mpango wa vita. Baada ya mistari michache upanga mmoja unatumika kweli. Haukumfikia Kayafa, wala Pilato, wala Yuda. Ulimkata sikio mtumwa aliyetumwa usiku na bwana wake. Naye Yesu, akiwa ndiyo kwanza anakamatwa, analazimika kusimama na kuponya jeraha lililofanywa na rafiki yake. Wale wanaotuvamia usiku nao wengi ni watumwa waliotumwa. Wengine tuliwabatiza sisi.

Mtaniambia: na Munzihirwa je? Hakuwa na bunduki, nao wakamuua. Ndiyo. Tarehe 29 Oktoba 1996 Baba Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa hapa mjini. Nilikuwa kijana, namkumbuka. Siwezi kuwaambia kwamba msalaba ulizuia risasi. Lakini kumbukeni nani walikuwa na bunduki siku zile: askari wa Zaire, kwa maelfu, na walikuwa wamekwisha kukimbia, wengine wakipora njiani. Yule asiye na silaha ndiye aliyebaki na watu.

Nitafanya nini basi badala yake? Kidogo kuliko mnavyotaka. Zamu ya usiku iliyoanza katika mtaa wa chini, ya filimbi, mabati na sufuria, imewafukuza wezi mara mbili, na mara ya tatu haikuwafukuza. Nataka tuiongeze ifike nyumba zote arobaini, siyo kumi na mbili. Zile dola kumi na tano nitazitoa kwa filimbi, kwa taa za jua, na kwa karo ya yule binti katika shule ya mbali na hapa, kama mama yake atakubali. Ng'ombe abaki. Akiba ya wamama irudi kwa wamama.

Barua je? Sheria ya silaha ya nchi hii, ya 1985, haimruhusu raia kumiliki bunduki ya vita, na hilo pekee lingetosha kuwapeleka gerezani wasafiri wawili wenye wake na watoto. Lakini kinachonizuia kwanza ni jambo dogo kuliko sheria. Mnataka niandike kwamba mnakwenda kwenye semina ya makatekista. Safari ijayo, katekista wa kweli atafika kwenye kizuizi na barua ya kweli, na atapekuliwa kama mwizi, au zaidi ya kupekuliwa, kwa sababu yangu.

Karatasi yenu iko kwangu, haina sahihi. Alhamisi jioni zamu ni yangu na ya mzee wa nyumba ya mkuyu. Anayetaka kunipinga aje tukeshe pamoja. Atuletee na chai.