Chumba cha Mgeni Ndani ya Kompyuta

Mama mmoja wa Kilindoni atuuliza: kompyuta ya nyumbani, yenye mfumo wa Linux, imehifadhi hesabu za upatu wa kina mama. Mwanawe ataka kuweka programu ya kuchora inayohitaji toleo jingine la mfumo. Je, amkatalie?

Asimkatalie. Ipo njia ya kontena: programu hupewa chumba chenye vifaa vyake, ikitumia kiini kilekile cha Linux bila kuuvuruga mfumo uliopo. Distrobox, skripti saidizi inayoiendesha Podman, hukiunda chumba hicho na kulileta dirisha la programu kwenye kioo kama la programu nyingine yoyote.

Lakini chumba hicho hakina kufuli. Distrobox huiachia programu mafaili ya yule aliyeifungua; ikifunguliwa kwa akaunti ya mama, hesabu za upatu zi wazi. Basi kijana afunguliwe akaunti yake, folda ya mama ifungwe kwa wengine, na nywila ya msimamizi abaki nayo mama. Nakala ya hesabu iwekwe kwenye flashi, nje ya kompyuta.

Fedha za upatu ni amana. Na daftari lake ni amana vilevile.